Jicho la Redio ya Mama Jadwiga

Habari ile Felicja aliipata kwenye foleni ya mkate, Jumatatu asubuhi, na ilikataa kumtoka kichwani. Aliyeileta ni jirani yake wa ghorofa ya pili, Bi Pelagia, ambaye naye aliisikia kwa mtu aliyeisikia kwa muuza samaki: eti nyuma ya kiwanda cha pamba kuna nyumba ambayo redio yao ilianza kufifia jicho, wenyewe wakapuuza, na sasa mtoto wao haoni hata ubao wa shule.

"Mwanga haupotei bure, shoga," alisema Pelagia kwa sauti ya chini, ingawa foleni nzima ilikuwa imetega masikio. "Ukitoka kwenye lile jicho la kijani unaingia wapi? Kwa anayelitazama. Na nani analitazama zaidi? Watoto."

"Si ndiyo wangezidi kuona, kama mwanga umewaingia?" akauliza bibi mmoja nyuma yao.

"Wewe nunua mkate wako."

Felicja alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu mkate ukiwa kwapani, akamkuta bintiye Ludka, wa miaka sita, amekaa sakafuni akimvisha mwanasesere. Akamburuta mpaka dirishani.

"Niambie, juu ya lile paa kuna njiwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Felicja akahesabu. Aliwaona tisa. Akahesabu tena, jasho likimtoka, asijue sasa kipofu ni mtoto au ni yeye.

"Wawili wameruka, mama," akasema Ludka.

Redio ilikaa mahali pake juu ya kabati, ambapo kwa kawaida ilivaa kitambaa cha kufuma, kama redio zote za jengo lile. Katikati ya uso wake kulikuwa na lile jicho, kioo cha ukubwa wa kifungo cha koti, chenye majani mawili ya mwanga wa kijani. Ukizungusha kitufe na kukipata kituo sawasawa, majani yalikuwa yakisogeleana mpaka yagusane, na hapo mtu alijua ameshika. Zamani liling'aa hata mchana. Sasa lilikuwa limepauka kama maji ya matango ya chumvi, na ili uone chochote ilibidi uweke viganja pembeni kama anayechungulia nyumba ya watu.

Na juu ya redio ile, siku ile ya Jumatatu, kulikuwa na uyoga.

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Felicja zaidi ya njiwa. Kila vuli waliutoa uyoga msituni kwa vikapu, na kila mwanamke aliukausha kwa ajili ya supu ya Krismasi. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa aliukausha juu ya jiko, ukaungua, na mama mkwe wake, Mama Jadwiga, akauonyesha kwa wageni akisema, "Huyu mkwe wangu anatutengenezea makaa." Felicja hakusahau. Ndipo alipogundua kwamba redio ikiwashwa na sauti kuzimwa kabisa, mgongo wake unatoa joto la taratibu, sawasawa, kama kuku anayelalia mayai. Basi tangu mwaka ule, Zenon mumewe akienda kiwandani na mama mkwe akienda kwenye kazi yake ya kutunza makoti ya wagonjwa zahanati, Felicja alitoa kitambaa, akatandaza gazeti, akapanga vipande, akawasha redio na kurudi kwenye cherehani yake. Saa tisa alasiri aliondoa kila kitu. Uyoga ulitoka mkavu bila kuungua, wenye harufu. Mama Jadwiga akausifia mpaka kwa padri.

Sasa mtu atasemaje kwamba ilikuwa kazi ya redio?

*

Jumanne ilikuja kadi ya posta. Ilitoka kwa Roman, kaka yake Zenon, mpishi wa meli ya mizigo huko bandarini Gdynia. Mama Jadwiga hakuwa amesema na mwanawe huyo kwa miaka saba. Walikosana kwa ajili ya koti la marehemu baba, na wala halikuwa koti zuri. Barua zake zote mama alizirudisha bila kuzifungua. Safari hii Roman alituma kadi, maana kadi haina mahali pa kufungua; ukiishika tu, umekwisha kuisoma.

Ilisema: "Mama, Jumapili ni siku ya jina lako, ya Mtakatifu Jadwiga. Nitakuwa baharini. Sikiliza salamu redioni baada ya chakula cha mchana. Zitasomwa mara moja tu. Roman."

"Mimi sisikilizi," alisema Mama Jadwiga. Akaichomeka kadi kwenye fremu ya kioo, akaitoa, akaichomeka tena imegeuka upande wa picha. Kisha akavuta kiti mbele ya redio, akavaa miwani. "Hebu, hili jicho limekuwaje?"

"Limekuwaje vipi, mama?" akauliza Felicja, sindano mdomoni.

"Limekufa! Zenon! Njoo utazame. Redio isiyoona itashikaje kituo?"

Zenon akaja akiwa na kijiko cha supu mkononi. Akawasha. Mtangazaji akasikika safi kabisa, akieleza mavuno ya viazi.

"Mbona inasema vizuri, mama."

"Leo inasema. Jumapili je? Mtu akifumba macho hivyo, kesho yake unamwita padri."

"Basi niachieni," alisema Zenon, na Felicja akaitoa sindano mdomoni. "Mimi natengeneza mitambo mia mbili ya kufuma. Nitashindwa na sanduku la kuimba?"

"Mwite fundi, baba Ludka," akasema Felicja haraka. "Watu wamepata madhara. Nimesikia huko nje—"

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Pelagia," akasema Zenon, akarudi kwenye supu yake.

*

Zenon alianza kazi Alhamisi jioni, mara baada ya kutoka kiwandani. Ili afanye hivyo ilibidi kila kitu jikoni kisogezwe, na wiki ile ndiyo ya kutia chumvi kabichi kwa ajili ya msimu wa baridi, kwa hiyo katikati ya sakafu kulikuwa na beseni kubwa la kabichi iliyokatwakatwa, limejaa mpaka juu. Felicja alimfunga Ludka kitambaa machoni.

"Mama, sioni."

"Ndivyo ninavyotaka."

Kwanza Zenon alisafisha kioo cha jicho kwa vodka. Tone moja kwa kioo, funda moja kwa fundi. Jicho likabaki vile vile, fundi akachangamka. Pili akasema huenda antena ni fupi. Akatoa waya dirishani, akaufunga kwenye kamba ya kuanikia nguo, na kwa kuwa kamba ile ilikuwa ya Pelagia, sauti ikapanda kutoka chini: "We Zenon! Hiyo kamba ina shuka zangu! Unataka niote matangazo?" Vituo vikaongezeka. Hata watu wa Denmark wakasikika. Jicho likasogea kidogo, lakini likabaki limepauka.

"Basi ugonjwa uko ndani," akasema Zenon.

"Zenon, nakuomba."

"Nimechomoa waya ukutani. Unaona? Hakuna umeme. Ni mbao na vioo tu hapa."

Akafungua mgongo wa redio, akaingiza mkono. Hakuna aliyeona kilichotokea. Kulisikika mlio kama wa kijiti kinachovunjika, na Zenon akarudi kinyumenyume hatua tatu, akakaa katika beseni la kabichi.

Mama yake akainama kumtazama.

"Umekufa?" akauliza Mama Jadwiga.

"Imeniuma," akasema Zenon kwa mshangao. "Nimeichomoa, na imeniuma."

Mwanamume mwenye akili angeishia hapo. Zenon alikung'uta kabichi, akarudi na bisibisi. Akalivuta jicho na nyaya zake, akalitazama, akalipuliza. Kisha akaingiza vidole polepole, akatoa kitu chembamba, cha kahawia, kilichokunjamana kama sikio la paka.

"Hiki hapa," akasema. "Nilijua. Kimekatika."

"Kitu gani hicho?" akauliza mama yake.

"Kifaa. Ngozi ya kuzuia joto, nadhani. Tazama kilivyokauka."

Felicja alikitazama. Kilikuwa kipande cha uyoga, tena wa wiki iliyopita, alioukata yeye mwenyewe. Akainama kuokota kabichi sakafuni.

Zenon alikiweka kwenye kiberiti kitupu, akatandika pamba chini yake. Kisha akarudisha kila kitu mahali pake, au karibu na mahali pake, akawasha. Redio ikatoa mlio mdogo, pu, na taa ya vituo ikazimika. Hakukuwa na jicho, hakukuwa na viazi wala Denmark.

Mama Jadwiga aliinuka, akaenda kwenye kioo, akaitoa ile kadi, akaitia ndani ya kitabu chake cha sala na kwenda kulala bila kula.

*

Ijumaa Zenon alirudi mwekundu mpaka shingoni.

"Nani ameweka uyoga kwenye redio?"

"Uyoga?" akasema Felicja.

"Nimepanga foleni kwa fundi Fiedorek saa nzima. Nimefungua kiberiti mbele ya watu. Nikamwambia, bwana, naomba kifaa kama hiki kipya. Akakigeuza. Akakinusa. Akakiuma, Felicja! Akasema, 'Ndugu yangu, hiki mimi siuzi. Jaribu sokoni, kwa akina mama.' Watu wakacheka mpaka mmoja akaangusha pasi yake."

"Panya," akasema Felicja. Neno lilimtoka lenyewe. "Itakuwa panya. Wameficha akiba."

Zenon akafikiri. Mama Jadwiga naye akafikiri. Kisha mama akaenda kuazima mtego kwa Pelagia, na kabla ya chakula cha jioni jengo zima lilijua kwamba kwa akina Felicja kuna panya. Pelagia alimkataza mtoto wake kuja kucheza. Felicja, ambaye sakafu yake ungeweza kulia chakula, alijifungia chooni akalia kidogo.

*

Fundi Fiedorek alikuja Jumamosi saa nne, mzee mrefu mwenye miwani minene kama vitako vya chupa. Kwanza alikula. Kisha alivua koti, akatia mkono wa kushoto mfukoni na kuuacha humo.

"Kwa nini anafanya kazi kwa mkono mmoja?" akanong'ona Ludka chini ya kitambaa chake.

"Kwa sababu mwingine ni wa akiba, binti," akasema fundi. "Ukishika ndani kwa mikono miwili, umeme unapita moyoni. Baba yako ana bahati, na anajua kuchagua pa kukaa."

Alimaliza kwanza umeme uliobaki ndani ya redio, kwa waya na cheche ndogo. Akakuta fyuzi imekatika, maana Zenon alikuwa ameuacha waya mmoja wa jicho ukigusa bati. Akaubandua, akatia fyuzi mpya, akawasha. Taa ya vituo ikawaka. Baada ya muda sauti ikaja, mwanamke akiimba, na Mama Jadwiga, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kama asiyehusika, akashika fremu ya mlango.

"Imepona," akasema Zenon.

"Haikuwa mgonjwa," akasema fundi. "Jicho ndilo gonjwa. Redio ilikuwa nzima mpaka ulipoitibu."

Akatoa mita ya kupimia umeme. Akapima umeme wa kupashia jicho moto, ulikuwepo. Akapima ule mkubwa wa kuliwasha; nao ulikuwepo wote. Akapima rezista ya kupunguza umeme iliyojificha chini ya kikalio cha jicho, akasema hizi mara nyingi hulegea, lakini hii haina kosa. Mwisho akatoa soksi mfukoni, na ndani ya soksi jicho jingine, la kupimia. Akalichomeka. Jikoni pakawa kijani. Majani mawili yakang'aa kama macho ya paka chini ya kitanda, na Felicja akamgeuza Ludka uso ukutani.

"Basi ni jicho lenyewe," akasema fundi, akilichomoa la kwake na kulirudisha la zamani. "Limechoka. Hili huchoka kwa kuwaka tu, hata kama hakuna anayesikiliza. Ndani lina unga unaong'aa, na unga unaisha. Nyinyi mnaiwasha saa ngapi kwa siku?"

"Saa mbili za jioni," akasema Zenon.

Fundi akamtazama. Akalitazama jicho. "Hili limewaka kama la kituo cha polisi."

Felicja alishona pindo ambalo lilikuwa limekwisha kushonwa.

"Na panya wenu," akaendelea mzee yule, akichomoa kwa kibano kipande cha pili, cha tatu, cha nne, na kuvipanga mezani, "ni panya safi sana. Tazameni. Anakata kwa kisu. Vyote unene mmoja."

Hapo Mama Jadwiga akakaa.

"Ni mimi," akasema.

Wote wakageuka.

"Nimeliua mimi hilo jicho. Kila alfajiri. Ninyi mkiwa mmelala naiwasha nusu saa, sauti kidogo tu, naweka sikio. Wanasoma hali ya bahari. Upepo wa wapi, mawimbi ya kimo gani." Alikuwa akitazama mikono yake. "Miaka saba. Sikutaka mtu ajue. Nilisema sitaki habari zake, basi nikawa nachukua za mawimbi. Sasa tazama, kwa ujinga wangu, siku anayotaka kusema nami nimeipofusha."

Zenon hakujua pa kuweka macho. Na Felicja aliona mlango umefunguliwa mbele yake, mpana, wa kutokea bila mtu kumwona. Nusu saa ya alfajiri kwa siku. Hakuna ambaye angehesabu. Angenyamaza tu, na mama mkwe angebeba vyote, hata panya.

"Mama," akasema, na sauti yake ikatoka kama ya Ludka. "Nusu saa haiwezi kuliua. Mimi naiwasha saa saba kwa siku. Nakaushia uyoga."

Yule mwanamke wa redioni alimaliza wimbo.

"Uyoga gani?" akauliza Mama Jadwiga.

"Wote."

"Ule wa Krismasi? Ule niliousifia kwa padri?"

"Ndiyo."

"Ule niliompelekea dada yangu, nikamwambia mkwe wangu ana mkono wa pekee?"

"Ndiyo, mama."

Mama Jadwiga akageuka kwa fundi. "Bwana Fiedorek, wewe mtu wa kazi hizi. Redio inakausha vizuri kuliko jiko?"

"Mke wangu anatumia ya kwetu," akasema mzee kwa huzuni. "Jicho lilikwisha zamani. Lakini unyevu unaingia ndani, mama, na siku moja nyumba inawaka. Nimemwambia. Anasema nile kimya."

Felicja alimsindikiza mpaka ngazini, na huko ndiko alikopata ujasiri wa kumuuliza kwa sauti ndogo: je, ni kweli kwamba jicho likififia, mwanga wake unawaingia watoto na kuwapofusha?

"Nani amekwambia upuuzi huo? Mimi nimeyatazama haya miaka thelathini," akasema fundi, akakosea ngazi ya kwanza, akashika ukuta.

*

Jicho jipya halikupatikana. Duka la fundi lilikuwa limeahidiwa mengine majira ya kuchipua. Jumapili wageni walikuja bila kualikwa, kama inavyopasa siku ya jina, wakajaa mpaka kitandani, na kila mmoja alikuwa ameshasikia yote. Pelagia alileta keki na kukaa ameipa redio kisogo.

"Bila jicho mtajuaje mmeshika sawasawa?" akauliza.

"Kwa masikio," akasema Zenon. "Na wewe ndiye mwenye masikio makubwa hapa, njoo ukae mbele."

Lakini Mama Jadwiga hakuliamini sikio. Muda ulipokaribia alivuta pazia, akasogeza kiti, akajifunika shali kubwa kichwani pamoja na redio, kama mpiga picha wa zamani, ili aone walau kivuli cha yale majani. Kutoka nje ilionekana shali tu, na mikono miwili ikizungusha kitufe kidogo kidogo.

"Mama, umeshika, acha hapo!"

"Bado! Halijafunga!"

"Limefunga, tunasikia!"

"Nyie mnasikia, mimi naona! Kidogo kushoto!"

"Kulia!" akasema Pelagia, ambaye sasa alikuwa amegeuka mzima mzima.

Zenon akasema kushoto, shangazi mmoja akasema waongeze sauti, mwingine akasema wapunguze keki, na katikati ya makelele yale Felicja akasikia jina. Akapiga kelele wanyamaze, na kelele yake ndiyo iliyoyafunika maneno yote yaliyobaki. Walipotulia, mtangazaji alikuwa anawasalimu wachimba makaa wa mji mwingine.

Felicja aliutazama mgongo wa mama mkwe wake chini ya shali, haukusogea, na akawaza kwamba ameua jicho, na sasa ameua na sikio.

Shali ikashuka. Mama Jadwiga alikuwa na nywele zilizosimama na alama za nyuzi shavuni, kwa jinsi alivyokuwa ameubana uso kwenye kitambaa cha spika.

"Mama, tusamehe," akasema Zenon. "Hatukusikia. Amesema nini?"

"Nyie hamkusikia," akasema Mama Jadwiga. "Mimi nilikuwa humo ndani naye." Akajifuta macho kwa pindo la shali, akamtazama Pelagia, akaona anavyosubiri, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka. "Na sisemi. Felicja, mwanangu, nitafutie kalamu na karatasi. Na bahasha. Bahasha ya kufunga."

*

Kwa hiyo, kina mama wenzangu wenye redio za jicho, mambo ya kuepuka ni haya:

Usikaushe uyoga, matufaha wala soksi juu ya redio.

Usiiache ikiwaka bila kusikiliza. Jicho linachakaa hata ukizima sauti.

Usiifungue redio inayosema vizuri kwa sababu jicho limefifia. Jicho halisikii chochote.

Usiweke kitambaa wala chungu cha maua kwenye matundu yake ya nyuma.

Usimfunge mtoto macho kwa habari ya foleni. Mpeleke zahanati.

Usiseme ni panya.

Usimwachie fundi wa mashine nyingine, hata kama ni mumeo, hata kama amekunywa kidogo tu.

Usiingize mkono ndani kwa kuwa umechomoa waya ukutani. Umeme unabaki humo kwa muda, na hauonekani.